Wivu Wangu na Kidonda cha Mwaija

Sengerema,
11 Februari 2024

Mwanangu Dorcas,

Habari za huko Mwanza, na kazi, na joto la mwezi huu? Hapa tunakwenda hivyohivyo. Goti linanisumbua asubuhi, jua likipanda linaniachia. Mihogo imekubali na mbuzi wa jirani hawajaingia bado, kwa hiyo nashukuru.

Najua utasema mama angepiga simu. Simu ni ya kuulizana mmekula nini. Neno la kukaa nalo huandikwa, ndivyo nilivyofundisha watoto wa watu hadi nastaafu, na wewe na Modesta mkiwa meza moja pale mbele yangu. Venant anavuka ziwa kesho kupeleka viazi Buzuruga. Nimempa bahasha hii na karanga zenu.

Modesta alinipigia Ijumaa. Amepewa uongozi wa wauguzi hapo kwenye kituo chenu cha kutunza wenye ulemavu. Dorcas, nililia. Mtoto niliyemchukua siku tuliyomzika mdogo wangu, amevaa gauni la kuazima, hajui hata kwa nini watu wanamshika kichwa, leo anasimamia wengine. Kama mama yake anaona huko aliko, amepumzika.

Kilichonishangaza ni kwamba habari nimeipata kwake na si kwako, nanyi mnafanya kazi chini ya paa moja. Nikamuuliza, "Dorcas amesemaje?" Akasema, "Dorcas ana kazi nyingi, mama."

Najua wewe ndiye uliyetangulia hapo. Najua wewe ndiye uliyemwambia kuna nafasi ya kazi, ukamkaribisha chumbani kwako mpaka alipopata chake. Lakini riziki haipangi foleni. Mpe mkono ndugu yako, na umpe kwa moyo. Nimemshonea gauni la kijani la kuanzia kazi mpya. Lako nitalishona Pasaka.

Mama yako.


Mwanza,
25 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Goti likoje? Ile dawa ya kuchua inayouzwa mnadani usiipake tena, inachubua ngozi bure. Mimi sijambo, nimetoka kwenye mafua tu.

Karanga zimefika. Za Modesta zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa, zangu kwenye mfuko mkuukuu wa plastiki. Silalamiki, nimeona tu.

Mkono nimempa, mama. Nilimpa mbele ya wote, nikatabasamu mpaka mashavu yakachoka. Halafu nikaenda stoo ya mashuka nikakaa juu ya magunia mpaka nilipoitwa. Wewe ni mama yangu, nitamficha nani? Nilikuwa najua nafasi ile ni yangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha Modesta namna ya kumgeuza mgonjwa mzito bila kuumia kiuno. Sasa funguo zinalia kiunoni mwake kila anapopita, na ananiita "Sista Dorcas" kama tulikutana juzi. Mkurugenzi, Bwana Nathaniel, amepunguza wahudumu, na kila kikao anasema, "Mwangalieni Modesta, anaendesha nyumba kwa nusu ya watu na hamumsikii akinung'unika." Watu wanapiga makofi. Na mimi napiga.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kunihamishia upande wa watoto wadogo. Nilikuwa upande wa watu wazima tangu nianze, na huko nimemwacha Mwaija.

Sijawahi kukueleza habari za Mwaija. Ni binti wa miaka kumi na tisa, baba yake ni Bashiru, fundi cherehani wa Buzuruga. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hasemi, mikono imekunjamana, hawezi kujigeuza hata kidogo, mtu akimlaza ubavu wa kushoto atabaki ubavu wa kushoto mpaka mtu mwingine akumbuke. Lakini anajua watu, mama. Taarabu ikilia redioni anacheka kwa mwili mzima. Akisikia hatua zangu alikuwa anatoa sauti moja ndefu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mama yake alikufa. Baba anakuja Jumapili, anamshonea magauni ya kufungwa mgongoni ili iwe rahisi kumvika.

Wiki iliyopita nilipungukiwa na sabuni nikapita kule. Nikakuta Mwaija amelala upande uleule niliomwona nao asubuhi nilipopita koridoni. Nikamfunua. Kwenye nyonga ngozi imekuwa nyekundu, katikati imefunguka. Hicho si kidonda cha bahati mbaya. Ni cha mtu asiyegeuzwa. Na kumlisha yule ni kazi ya subira: unamkalisha, kijiko kimoja, unasubiri ameze, kijiko kingine. Sasa wanamlisha akiwa amelala, mbiombio, na bakuli linarudi na uji wake.

Nilimwambia Modesta. Akasema, "Nimeona. Nashughulikia." Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unatafuta nini huku?"

Wajibu wetu uko wazi, mama. Muuguzi akiona mgonjwa asiyeweza kujisemea anatelekezwa, anamwambia kiongozi wake. Kiongozi asipofanya kitu, anakwenda kwa aliye juu yake, hata nje ya kituo. Kiongozi nimeshamwambia. Nikienda mbele, ninayemshitaki ni Modesta. Nishauri.

Mwanao,
Dorcas.


Sengerema,
6 Machi 2024

Dorcas,

Salamu zako nimezipokea, goti ni lilelile. Mvua imeanza, barabara ya kwenda kanisani imekuwa matope.

Umeomba ushauri, nami nitakupa kama nilivyozoea. Umeandika habari za karanga, za funguo, za makofi, za kuhamishwa, ndipo ukafika kwa mgonjwa. Nimesahihisha insha nyingi. Mtu huanza na kile kinachomuuma.

Nakumbuka mkiwa na miaka kama tisa ulikuja mbio kuniambia Modesta amevunja mtungi. Ni kweli alikuwa ameuvunja, vipande nilivikuta. Lakini uso wako, mwanangu, ulikuwa unang'aa kama siku ya Noeli. Nilimsamehe yeye upesi, wewe nilikaa nawe na hasira mpaka jioni, na hukujua kwa nini.

Nimemuuliza Modesta kwa simu. Anasema ana watu wachache, kila mmoja anabeba kazi ya wawili, na kidonda hicho anakijua na kinapakwa dawa. Anasema umekuwa ukipita vitandani kwake kama karani wa sensa. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyemtoa maneno.

Mwache afanye kazi yake. Wewe ukianguka leo utaangukia mikononi mwangu, na watu watasema huyu ni wa Mwalimu Evelina. Yeye akianguka watasema ni wa nani? Ukimpeleka mbele, mtaa mzima utasema mtoto wa kuzaa amemla mtoto wa kulea, na mimi ndiye nitakayeishi nao hapa.

Nakuomba kama mama. Nyamaza kwanza, ujitazame.

Mama yako.


Mwanza,
18 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu kwa kuwa mvua imepungua. Gauni la Pasaka limefika na limenikaa vizuri, asante. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nakutii.

Ulisema nijitazame. Nilijitazama. Kila nilipotaka kupita upande ule niliona uso ule uliouandika, unaong'aa, nikageuka. Niliwaogesha watoto wa upande wangu, nikawalisha, nikatoka. Wahudumu wawili wa kule walinifuata wakasema, "Sista, hali ya Mwaija si nzuri." Nikawaambia wamweleze kiongozi wao. Mama, nilijisikia mtu mwema siku hizo. Nilidhani ninashinda wivu.

Jumapili iliyofuata Pasaka, Bashiru alinisimamisha getini. Alikuwa na gauni jipya mkononi. Akaniuliza, "Sista, mbona mwanangu amekonda hivi? Au amechoka na chakula cha hapa? Niambie nimpikie mimi." Nikamwambia amuulize Sista Modesta. Akasema, "Nimemuuliza, amesema ndiyo hali ya ugonjwa wao." Kisha akanitazama tu, anasubiri. Nami nikamwambia nina haraka.

Sikulala vizuri. Jumatatu niliingia kule bila kumwomba mtu ruhusa. Harufu nilikutana nayo mlangoni. Nikamwita, "Mwaija." Macho yalikuja, sauti haikuja. Alikuwa anachemka kwa homa. Nilipofungua bandeji, mama, wewe umezoea kusoma, lakini sitakuandikia nilichokiona. Nitasema tu kwamba niliona mfupa.

Modesta akaja. Tulisimama kando ya kitanda, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine.

Nikasema, "Huyu anatoka leo kwenda hospitali."

Akasema, "Bwana Nathaniel anarudi Alhamisi. Nitamweleza Alhamisi."

"Alhamisi utamweleza habari za maiti."

Akamvutia Mwaija shuka. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ukiwaita watu wa nje, Dorcas, utafurahi. Usiniambie hutafurahi."

Nikamjibu, "Nitafurahi. Na nitawaita."

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa ofisa ustawi wa jamii. Nilimweleza jina langu, kazi yangu, nilichokiona na lini nilikiona mara ya kwanza. Aliniuliza kama nina ugomvi na msimamizi wangu. Nikasema, "Tumelelewa pamoja, na nina wivu naye tangu utotoni." Aliacha kuandika akanitazama. Nikamwambia, "Andika na hilo. Halafu twende ukaone kidonda." Walikuja na gari mchana uleule, Mwaija akachukuliwa.

Nakuandikia baada ya kufanya kwa sababu nilipoandika kabla ulinizuia. Wivu ninao, mama, siukani tena mbele yako wala mbele ya mtu. Lakini si wivu wangu uliomlaza Mwaija upande mmoja. Na nikipona wivu kesho, kidonda hakiponi nao.

Mwanao,
Dorcas.


Sengerema,
22 Aprili 2024

Dorcas,

Modesta ameingia jana na begi lake. Amesimamishwa kazi. Mkurugenzi yuko bado kwenye kiti chake. Modesta hajala tangu afike, amelala kitandani kwako amegeukia ukuta.

Umepata ulichokitaka. Usiniandikie kwa sasa.

Mama yake Modesta.


Mwanza,
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na katazo lako mpaka limenishinda. Husemi unaendeleaje, basi namuuliza Venant kila akija Buzuruga. Anasema goti bado, na kwamba unatembelea fimbo. Anasema pia kwamba jioni mnakaa barazani wewe na Modesta mnachambua mboga. Hilo sikumuuliza.

Nilikuwa sijui mtu anaweza kumwonea wivu aliyeanguka. Ninaweza. Naamka asubuhi nafikiri: ameharibu, na amepata nyumba, na kitanda changu, na mama. Mimi niliyesema kweli napika ugali wa mtu mmoja. Barua yako ya mwisho naijua kwa kichwa, si ndefu. Yale ya mkurugenzi na begi nayavumilia. Ninayoshindwa ni ile sahihi ya chini.

Mwaija yuko hai. Walimkata nyama iliyooza, wakamtundikia dawa, na kwa muda mrefu hawakutuahidi kitu. Daktari alisema sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Sasa anameza. Nakwenda nikitoka kazini, namkalisha, namlisha taratibu. Sauti yake bado haijarudi. Inawezekana haitarudi, au labda ni mimi tu ambaye hataki kunitolea.

Bashiru nilikutana naye wodini mara ya kwanza mwezi uliopita. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru mbele ya watu. Sikuweza kuvumilia shukrani ile. Akaniuliza, "Ulijua lini, sista?"

Nikasema, "Februari."

Akahesabu kimoyomoyo, nikamwona anahesabu. Akaniachia mikono. Akasema, "Basi mlikuwa wawili." Tangu siku hiyo hanisalimii. Nikija anatoka, anasubiri nje mpaka nimalize kulisha.

Wakaguzi wamemaliza. Wamekuta wengine wenye vidonda vinavyoanza, na Bwana Nathaniel ameondolewa, kwa sababu ni yeye aliyepunguza watu. Wahudumu wamerudishwa. Na mama, najua utakavyosema, lakini nisikie: wamenipa mimi nafasi ya Modesta, nami nimeikubali. Nilifikiria kuikataa ili watu wasiseme. Halafu nikafikiria ni nani atahakikisha wanageuzwa. Watu wanasema hata hivyo. Nikiingia jikoni maongezi yanakatika. Nilizitaka funguo hizi tangu siku ile ya makofi, na sasa ziko kiunoni mwangu zinalia, nami nazishika kwa mkono ninapotembea ili zisisikike.

Modesta ataitwa mbele ya baraza la wauguzi Septemba. Mimi nitaitwa kama shahidi.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue Mwaija anameza.

Mwanao, kama bado,
Dorcas.


Sengerema,
18 Agosti 2024

Mwanangu Dorcas,

Hujambo? Nilikuwa nimekuzuia kuandika, ukaandika, na barua nikaiweka chini ya Biblia bila kuifungua hadi juzi. Goti ni bovu kuliko nilivyokuwa nikikuambia. Chakula kipo.

Nitakueleza mambo kama yalivyokuja.

Modesta alikaa hapa mwezi mzima bila kusema. Alilima, akafua, akachota maji, kila kazi niliyoinuka kuifanya nikakuta imeisha. Majirani wakija nilikuwa naanza mimi kuwaeleza kabla hawajauliza, kwamba mwanangu ameponzwa na ndugu yake. Modesta alikuwa anasikia kutoka uani. Siku moja, Mama Revocatus alipoondoka, akaingia akakaa chini akaniambia, "Mama, usiseme hivyo tena. Kile kidonda nilikiona kabla ya Dorcas."

Nikamwambia labda umechanganya siku. Akasema, "Nilikiona kikiwa doa tu. Nilijua kitakuwa nini."

Nikamuuliza kwa nini hakuomba msaada. Alivuta sinia la mboga akachambua majani kadhaa. Kisha akasema, nami nakuandikia maneno yake kama alivyoyatoa: "Ningemwomba nani? Aliyekuwa anaijua kazi ile ni Dorcas. Ningemwomba, angejua siiwezi. Nilimhamisha ili asinione. Halafu yule binti, mama. Dorcas akipita koridoni anaita, mimi nikimwinamia ananyamaza. Nyumbani Dorcas ndiye mwenyewe, mimi nilikuja. Nikafika kazini, hata mgonjwa asiyejua kuhesabu vidole vyake anajua kwamba Dorcas ndiye mwenyewe. Basi nikawa nampita. Nilijiambia wahudumu watamgeuza. Nilijua hawatoshi."

Umekuwa ukimwonea wivu miaka yote hii, naye anakuonea wewe, na mimi katikati nimekaa na karanga zangu najiona mama wa haki.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilivuka bila kukwambia. Nilikwenda hospitali nikaulizia Mwaija wa Buzuruga, wakanionyesha. Baba yake alikuwepo, mtu mwembamba, mpole. Nilimwambia mimi ni mzazi wa muuguzi wa kituo kile, nimekuja kumjulia hali mgonjwa. Alinipa kiti. Muuguzi akaja kufungua kidonda, akaniomba nitoke, nikamwomba nibaki. Kinapona, walisema. Kinapona, Dorcas, na bado ngumi yangu ingeingia mle. Binti alikuwa ananitazama muda wote. Hakulia. Nikafikiri, huyu alikuwa anatazama hivi Machi, wakati naandika barua.

Bashiru akaniuliza, "Mama, wewe ni mama wa sista yupi?"

Nikamwambia, "Wote wawili."

Akainamisha kichwa. Kisha akaenda kuniletea chai. Sikustahili chai ile, nikainywa. Nikamwambia kuna muuguzi mmoja aliyetaka kusema mapema, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nilimwambia jina lako. Nilitaka ajue kwamba na mimi nimo; sasa nimesoma alichokuambia, nami nasema hamkuwa wawili. Tulikuwa watatu.

Nikiwa natoka nilikuona. Ulikuwa unaingia na kikapu, umevaa sare, umekonda shingo. Nilisimama nyuma ya nguzo. Mguu wangu mmoja ulitaka kukufuata na mdomo haukuwa na neno la kuanzia. Ukapita. Sikukuita. Nimevuka kurudi nikijilaumu, na ndipo nikaichukua barua yako chini ya Biblia.

Sasa sikiliza yaliyobaki. Modesta atasema yote mbele ya baraza, amekwisha kuamua. Anakuomba na wewe useme yote, usimpunguzie kwa kuwa ni ndugu, wala usimwongezee. Wakimnyang'anya uuguzi, atakubali.

Na mimi sitamfukuza hapa. Usiniombe jambo hilo hata kimoyomoyo. Hana kwingine, na mwenye kosa ndiye anayehitaji paa. Lakini sahihi ile niliyotia Aprili ilikuwa ya mtu aliyetaka kuumiza, na niliijua kalamu inakwenda wapi. Naifuta kwa hii.

Njoo nyumbani.

Mama yenu.


Mwanza,
1 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Goti hilo nikija Jumamosi nitalitazama mwenyewe, na safari hii utanionyesha lote, si kuvuta gauni kidogo na kusema limepona.

Mwaija ameruhusiwa. Bashiru amekataa kumrudisha kituoni, hata mimi nikiwepo, nami nimemwambia ana haki. Amekodi chumba cha pili pale Buzuruga na cherehani ameihamishia ndani ili awe naye karibu. Siku ya kuondoka alinifuata mwenyewe. Hakutabasamu. Alisema, "Kumkalisha wakati wa kula naona sijui vizuri. Njoo Jumanne ukitoka kazini unionyeshe." Nimekwenda. Cherehani ilikuwa inalia, redio inalia, tukamkalisha. Alikula bakuli zima. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni nikaisikia ile sauti yake ndefu nyuma yangu. Bashiru alinitazama, akasema, "Jumanne ijayo basi."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba ananiita mimi na si Modesta. Nakuambia ili usidhani nimekuwa mtakatifu.

Mbele ya baraza nitasema yote. Nitasema na Februari yangu, na Machi na Aprili. Mwambie Modesta hivyo. Mwambie pia kwamba kile kitanda asikihame, nitalala chini, mgongo wangu umezoea magunia ya mashuka. Ninayotaka kumwambia ni mengi na mengine si mazuri, na nadhani yeye pia anayo yake. Tuyaseme tukiwa tumeshakula.

Umetia sahihi "Mama yenu". Nimelisoma neno hilo kila siku tangu lifike. Ni neno la haki, na kila siku limenichoma mahali palepale. Nadhani litanichoma hadi nizeeke, na nitakuja nalo hivyohivyo.

Ila nina ombi moja. Jumamosi nikishuka stendi mtakuwa mmesimama wote wawili, nakujua, utamleta. Nikumbatie mimi kwanza. Halafu mshike na yeye, hata kama ni kwa muda mrefu zaidi. Nitageuka nihesabu mizigo.

Mwanao,
Dorcas.